Mchezo wa Njiti Uliotufundisha Walimu



Sisi walimu wa watoto wadogo tuna kosa la kukiri. Siku moja tulimwita mtoto ubaoni aandike mia moja na tano. Akaandika 1005. Darasa zima likacheka, nasi tukacheka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Mama yake ndiye aliyekuja: "Maustadhi, kijana wangu hataki chuo. Anasema yeye hana akili."

Maneno yale yalituchoma. Tulipokaa kitako tukaona kuwa mtoto alitumia akili: alisikia mia moja akaandika 100, akasikia tano akaongeza 5. Ni sisi ambao hatukumfundisha kuwa tarakimu hupata thamani kwa mahali ilipokaa.

Tulimfuata kwao tukamtaka radhi, kisha tukaanzisha mchezo. Tulichambua ufagio wa chelewa tukakata njiti fupi. Kila mtoto hurusha dado na kuchukua njiti kwa hesabu iliyotoka. Zikitimia kumi hufungwa kwa mpira, na fungu huhamia nyumba ya makumi. Mafungu kumi huwa mia. Katika nyumba ya mamoja hazilali njiti zaidi ya tisa.

Baadaye tukaweka viti vitatu: mamia, makumi na mamoja. Mmoja alishika 1 kwenye mamia, mwingine 5 kwenye mamoja. Yule kijana wetu akakaa katikati, mikono mitupu. Yeye ndiye sifuri. Darasa likasoma: "Mia moja na tano!" Tukamwambia ainuke, na wa 1 akasogea kiti cha kati. Likasoma: "Kumi na tano!" Kijana akacheka, akarudi mbio kudai kiti chake.

Neno sifuri limetoka katika Kiarabu, sifr, yaani tupu. Al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika juu ya hesabu hii ya Kihindi katika karne ya 9, na tafsiri za Kilatini za karne ya 12 zikasaidia kuifikisha Ulaya.

Sasa watoto wakiambiwa wafungue aya ya 105 ya Suratul Baqara, hawaishii tena kwenye ya 15.

Wazazi, njiti zipo majumbani. Chezeni na watoto wenu. Na mtoto akikosea, muulizeni kwanza amefikirije. Kicheko chetu kilikaribia kutupotezea mwanafunzi.