Waya Uliobaki Uliotusaidia Kusikika

Sisi tunaojitolea kanisani huku Kibiti, baadhi yetu tukiwa wauguzi, tuna desturi ya kushuka Nyamisati na kupanda mashua kwenda vijiji vya delta ya Rufiji kuwafundisha wajawazito. Waislamu na Wakristo hukaa mkeka mmoja. Somo letu kubwa ni dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, degedege, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Huko safari ya hospitali hungoja mashua na maji kujaa, hivyo mama akichelewa kutambua dalili anaweza kupoteza maisha.

Shida yetu ilikuwa sauti. Waya unaounganisha deki ya masomo na amplifaya uliliwa na chumvi, na waliokaa nyuma walisikia mikwaruzo tu. Mama mmoja akatuuliza, "Dada nesi, ni kweli damu kidogo haina neno?" Somo lilisema kinyume kabisa. Tukaona jambo hili si la kungoja mwezi ujao.

Kijana anayefunga kompyuta maofisini alitupa mabaki ya waya wa mtandao. Ndani yake mna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili: buluu, chungwa, kijani na kahawia, kila moja na mwenzake mweupe mwenye mstari. Msokoto huo si urembo. Hupunguza kelele zinazotoka kwenye nyaya za jirani. Alexander Graham Bell alipewa hati ya uvumbuzi wa nyaya za namna hiyo mwaka 1881.

Tulikata kipande cha mita 1. Jozi moja tuliitumia kwa spika ya kushoto, nyingine kwa ya kulia. Uzi wa rangi tuliulehemu kwenye ncha ya katikati ya plagi, ule mweupe kwenye pete ya nje, pande zote mbili vivyo hivyo. Kisha tulipima kwa betri na balbu ya tochi: ncha kwa ncha balbu iwake, ncha kwa pete isiwake.

Mama, ukitaka kujaribu, kwanza kwangua uzi kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika upesi na kulehemu kwake ni taabu. Waya uwe mfupi, ukae mbali na nyaya za umeme. Wala usiutumie kamwe kupitishia umeme wa nyumba, kwani nyuzi zake ni nyembamba na zinaweza kuleta moto.

Sisi wauguzi tunaongeza hili. Dawa nyingi za kulehemu zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Hushika vidoleni na kuingia mdomoni. Kwa hiyo mjamzito asifanye kazi hii, wala isifanyike jikoni au mbele ya watoto. Fanyeni penye hewa, kwani moshi wake huchokoza pumu, na mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Siku hizi tukimaliza somo tunawauliza kwanza wale wa nyuma kabisa watutajie dalili zote. Wakizitaja sawasawa, ndipo tunafunga vyombo na kurudi mashuani.