Mikoko ya Gazi Si Magugu

Msomaji, ukishavuka Likoni na kuuacha Ukunda nyuma, usikimbilie Lungalunga. Kata kushoto uteremke Gazi, kijiji cha wavuvi alikozaliwa mama yangu. Huko utaiona nyumba ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, yule aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, na mwaka uliofuata akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani.

Wageni wengi huishia hapo, wakarudi zao Diani. Ile mikoko nyuma ya kijiji huiona matope na mbu tu.

Ingia ndani, bwana! Kina mama wa Gazi wana njia ya mbao humo, hutalowa viatu. Mlilana ndio uliotangulia baharini. Mkoko wenyewe una mizizi kama miguu ya kaa. Kisha kuna mkandaa na mchu. Wazee Wadigo hujua kila mti na kazi yake, na ukishakatwa una jina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Zile nyumba za mawe za Mwambao, vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haikufika mbali zaidi!

Majahazi yalizipeleka boriti hadi Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku mwaka 1982. Lakini kilichoiumiza Gazi hasa ni kuni. Miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kulisha tanuri za viwanda, pwani ikabaki tupu, mchanga ukahama. Kupanda upya kulishika kasi miaka ya 1990. Tangu 2013, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, Gazi na jirani zao Makongeni wanatunza hekta 117 na kulipwa na watu wa ng'ambo kwa kaboni inayofungiwa mitini na matopeni. Pesa hizo zimeleta maji na vitabu vya shule.

Mjomba wangu, mkata boriti, hakupendezwa. "Mwanangu," aliniuliza, "hewa ndiyo itakayowalisha wanangu?" Simwoni mjinga. Kwa aliyeishi kwa shoka, bomba la maji si mshahara. Siku hizi hutega kaa, na kaa hao huwatoa mumo humo mizizini, ingawa hakubali kwamba mambo hayo yanahusiana. Ukifika, mnunulie wawili watatu. Ila kaboni usimtajie.