Tingatinga lilifika kabla ya karatasi

Shosho wangu huamka saa kumi na moja asubuhi, kwa hivyo ndiye aliyeliona wa kwanza. Lilikuja juu ya lori refu, taa zikiwaka, likashushwa ng'ambo ya mto kwenye shamba ambalo miaka yote lilikuwa la nyasi na mikaratusi. Akanipigia simu. Mimi nilikuwa Nyeri tao, Kamakwa, bado niko kwa blanketi. "Mzee wangu," akasema (nina jina la guka, kwa hivyo kwake mimi ni mzee wake hata kama nina miaka kumi na tisa), "kuna mashine hapa inakula shamba la jirani. Wanatafuta nini?"

Walikuwa wanatafuta mawe. Ukipanda matatu kutoka Nyeri kwenda Kiganjo na Naro Moru utapishana na malori ya mawe ya kujenga, na hakuna abiria anayeuliza yametoka wapi. Nyumba tunazopanga zilitoka kwa shimo mahali fulani. Mimi pia sikuwahi kuuliza. Nilimwambia shosh atulie, pengine wana ruhusa, nikarudi kulala. Hiyo ndiyo sehemu ya hii stori nisiyopenda kuisimulia.

Ruhusa hawakuwa nayo. Tulikuja kujua kwa baraza, wiki tano baada ya kazi kuanza. Jamaa mmoja alisimama mbele ya watu kama sitini akasema amekuja kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mradi "unaopendekezwa". Unaopendekezwa! Na sisi tukinyamaza tunaisikia mashine ikiponda mawe ng'ambo. Watu walicheka, ile kicheko ya kukasirika. Kisha daftari ikapitishwa: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Nyuma ya daftari, soda na nusu mkate. Shosh akauliza jina lake litapelekwa wapi. Akaambiwa ni ya kuonyesha tu kwamba alihudhuria. Akasema, "Mimi nimekuja kusikiliza, sijakuja kuuza," akarudisha kalamu. Soda alikunywa.

Wakati ule niliona ni ukaidi wa wazee. Baadaye nikasoma jinsi ripoti hizi zinavyotengenezwa. Picha za mkutano na orodha ya waliohudhuria huwekwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Orodha haionyeshi ulisema nini. Inaonyesha ulikuwepo. Shosh hajawahi kusoma ripoti yoyote ya mazingira na alilijua hilo kuniliko.

Sheria yenyewe si ngumu, wasee. Kifungu cha 58 cha sheria ya mazingira ya 1999, ile inaitwa EMCA, kinasema mradi wa aina hii hauanzi kabla tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe na leseni ya NEMA itoke. Katiba ya 2010 inakupa haki ya mazingira safi kwa kifungu cha 42. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda korti kuitetea haki hiyo, na hauhitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Hiyo ya mwisho isome mara mbili. Hauhitaji kungoja nyumba yako ianguke.

Kuna watu huniambia, sasa wewe unasumbuka na mpangilio wa karatasi, kwani ikija mbele au nyuma kuna tofauti gani? Tofauti ni ufa wa jikoni ya shosh. Walipoanza kulipua baruti, ukuta ulipasuka kutoka dirishani hadi kwenye kenchi. Chemchemi ambayo huteka maji ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Tulipoenda kulalamika tukaambiwa ufa ni wa zamani na maji huchafuka kila mvua ikinyesha. Unajibu nini hapo? Hakuna mtu aliyekuwa amepiga picha ya ukuta kabla. Hakuna aliyepima maji kabla. Tathmini, pamoja na mambo mengine, ni kuandika vile mahali palikuwa siku ambayo hakuna kitu kimeguswa, na ile siku ikishapita huwezi kuirudisha. Ukifanya tathmini ukiwa umeshachimba unapima shimo, halafu unaandika kwamba hapa pamekuwa na shimo.

Na kuna jibu moja la tathmini ambalo hufa siku tingatinga linafika. Ripoti inaweza kusema endeleeni, endeleeni kwa masharti, au msifanye. Pesa zikishazikwa ardhini, nani atasema msifanye?

Nilipoanza kufuatilia haya mambo nikakutana na Mrima, na nikashangaa kwamba hatukufunzwa shuleni. Mrima ni kilima kule Kwale, Pwani, chenye msitu mtakatifu wa Wadigo, ile misitu inaitwa kaya. Chini yake kuna niobiamu na madini adimu, vitu vinavyotafutwa kwa chuma cha kisasa na vifaa vya elektroniki. Mwezi wa Machi 2013 kampuni inayoitwa Cortec ikapata leseni maalum ya uchimbaji. Wenyeji walikuwa wakipinga. Kwao pale ni mahali pa kuomba, si mgodi unaosubiri mwekezaji. Agosti mwaka huohuo Najib Balala, aliyekuwa waziri wa madini, akaifuta leseni. Kampuni ikaishtaki Kenya nje ya nchi, kwa kituo cha Benki ya Dunia kinachoamua kesi za wawekezaji, ikidai fidia ya mabilioni.

Sasa sikiliza kilichoamua ile kesi. Oktoba 2018 wasuluhishi walisema leseni haikuwa halali tangu mwanzo, kwa sababu masharti ya sheria, tathmini ya mazingira ikiwemo, hayakutimizwa, na kilima chenyewe kilikuwa msitu uliohifadhiwa. Kenya haikulipa ile fidia. Karatasi ambayo watu huiita ya kuchelewesha maendeleo ndiyo iliyookoa pesa zetu. Wazee wa kaya walikuwa wanasema jambo hilohilo kwa lugha yao, na bila mawakili.

Mwaka uliofuata, Juni 2019, Mahakama ya Rufaa za Mazingira ikafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wenyeji hawakushirikishwa sawasawa. Daftari na soda, bana.

Lakini nisijifanye mtakatifu hapa, kwa sababu kuna kesi iko karibu na nyumbani ambayo hunishinda. Barabara ya Ihithe kwenda Ndunyu Njeru, kama kilomita hamsini, inakata katikati ya Aberdare. Ihithe ni kule Tetu, kijiji alichozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Ndiyo, huko huko. Mwanzoni mwa 2024 leseni ya kuiweka lami ilitoka, mashirika ya uhifadhi yakaenda korti, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Nyeri ikasimamisha kazi kwanza. Sasa wewe ukiwa tao ni rahisi kushangilia. Mjomba wangu ananunua viazi Nyandarua kuleta soko la Nyeri. Leo anazunguka mlima mzima, na hiyo mafuta ndiyo karo ya watoto wake. Niliposema kwa video kwamba naunga mkono korti alinipigia, hakusalimia. "Huo msitu wako utanilipia mafuta?"

Sikuwa na jibu zuri, na sina mpaka leo. Naweza kusema kwamba mito inayotoka Aberdare ndiyo hunywesha Nyeri na sehemu kubwa ya Nairobi, kwamba bongo wa milimani wamebaki wachache sana na wengine wao wako humo ndani, kwamba watetezi wa msitu wamependekeza njia za kuzunguka badala ya kupasua. Yote ni kweli, na hakuna hata moja inayojaza tangi la mjomba. Nilimwambia tu kwamba barabara inaweza kungoja ihesabiwe, msitu ukishakatwa haungoji mtu. Akakata simu. Krismasi alinipa mguu wa kuku, kwa hivyo nadhani tuko sawa.

Na pale kwa machimbo kuna binamu yangu. Analipwa kwa kila lori anayopakia. Majirani walipoandika barua kwa wahusika na kazi ikasimama, yeye ndiye aliyekaa nyumbani miezi mitatu. "Wewe uko tao na simu yako," akaniambia, "mimi niko hapa na njaa." Ninaona wanaharakati wengi tunaruka hii sehemu haraka sana. Mtu wa kwanza kuumizwa na kazi iliyoanza bila karatasi ni jirani mwenye ufa. Wa pili ni kijana aliyeandikwa kazi ambayo kisheria haipo, kwa hivyo ikisimamishwa hana barua, hana bima, hana wa kumuuliza. Mwenye tingatinga alilipakia kwa lori lake refu akaenda kuchimba kwingine.

Wamerudi sasa. Safari hii wanasema karatasi zimekamilika, na tumeomba kuona nakala. Tunangoja. Kazi yenyewe bado haijaanza, shimo lina maji ya mvua na vyura.

Wikendi iliyopita nilipanda Kiganjo na rula na penseli. Kila mahali ufa unapoishia kwa ukuta tunachora mstari mdogo na kuandika tarehe. Tunajaza chupa moja ya maji ya chemchemi, tunaipiga picha ikiwa mbele ya karatasi nyeupe, gazeti la siku hiyo kando ili mtu asiseme ni picha ya zamani. Ufa wa juu karibu na kenchi sikuufikia. Binamu yangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote akituangalia, hasemi kitu. Akaingia, akanishusha kutoka kwa stuli, akapanda yeye.

"Leo ni tarehe ngapi?" akauliza.