Kiwanja Chetu Huku Daa

Watu wa mbali wanapolitaja jina la Karatu, wengi hukumbuka magari ya watalii yanayopita kwenda Ngorongoro. Wengine, nao ni wachache zaidi, hukumbuka wakimbiaji. Hatuwalaumu hao wa kwanza, maana barabara ya lami yapita katikati ya mji, na wageni hao ndio riziki ya vijana wetu wengi. Walakini sisi tulio walimu katika kata ya Daa twafurahi zaidi kuwasikia hao wa pili. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Na tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch katika nchi ya New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo hata mwisho, akaivunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata akaivunja na ile ya maili moja. Naye John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa kitambaa, akaendelea mpaka akafika uwanjani usiku, wa 57 na wa mwisho katika hao waliomaliza, wakati watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Habari hizi twazisimulia darasani kila mwaka, na watoto hazijawachosha. Lakini tumeona kwamba sifa za mashujaa zina upande wake wa pili. Watu wamezoea kufikiri kwamba mchezo ni kazi ya kutafuta bingwa. Mtoto apimwa akiwa darasa la nne au la tano. Akiwa na mbio, achukuliwa kwenda kuishindania shule katika UMITASHUMTA. Akikosa, aambiwa akae pembeni ashangilie. Akimaliza darasa la saba, pembeni penyewe hapana. Kijana wa miaka 25 aitwa mzee wa mpira. Mama wa watoto watatu, ukimwambia aje kucheza, hujifunika kitenge usoni akacheka. Basi tulijiuliza sisi kwa sisi: ikiwa Akhwari alikuwa wa 57, je, huyo wa 58, ambaye hakuwa na mbio za kumfikisha hata Arusha, akimbie wapi?

Ndipo tukaanza chama chetu cha michezo, walimu kwa wanakijiji, na mali yetu yote ilikuwa mpira mmoja wa miguu, mpira mmoja wa pete, na kamba ya katani iliyokuwa ikifungia magunia. Nguzo za goli tulizikata katika mikaratusi ya shule. Mchango ni shilingi 500 kwa mwezi, na asiye nazo huleta debe la mahindi wakati wa mavuno, au huja kufyeka majani. Tuliamua tangu siku ya kwanza kwamba hakuna atakayekataliwa kwa sababu ya umri, wala kwa sababu hajui. Kanuni hii kuandikwa ilikuwa rahisi. Kufuatwa kulikuwa kazi.

Shida ya kwanza ilikuwa ya wanawake. Tuliwapa Jumatano na Jumamosi saa 10 jioni wacheze mpira wa pete. Vijana wakasema saa hiyo ndiyo yao, na kwamba akina mama waweza kucheza saa 8, jua likiwa kali, kwa maana wao hawakimbii sana. Maneno yakawa mengi. Mwisho mzee mmoja, ambaye amekuwa mjumbe wa baraza kwa muda mrefu, alisimama akawauliza, "Wanangu, maji mliyooga leo asubuhi aliyachota nani?" Wakanyamaza. "Basi aliyechota ana haki ya kupumzika saa 10 kama ninyi." Tangu hapo saa haikubishaniwa tena, ijapokuwa wako vijana ambao mpaka leo huja siku ya Jumatano wakakaa ukingoni na mpira wao chini ya kwapa, wakitazama saa kwa macho makali. Akina mama hawawajali. Wamefunga khanga viunoni, wamevua viatu, na mlinda goli wao ni bibi mwenye wajukuu sita, mrefu, ambaye mikono yake huufikia mpira kabla ya macho yetu.

Shida ya pili ilikuwa ya wazee wenyewe, nayo ilikuwa ya haki zaidi. Tulipowaalika, mmoja alitujibu hivi: "Walimu, mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri, mwataka akimbie tena jioni? Ninyi mnaokaa kitini ndio wenye haja ya kukimbia." Tulicheka pamoja naye, kwa sababu amesema kweli. Shirika la Afya Duniani lamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kila juma, na mkulima wa Daa huzimaliza kabla ya Jumanne. Mwezi Desemba mwaka 2016 Bi Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa wakati ule Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa watu wote. Shauri hilo lawafaa sana wenye maduka, madereva, waendesha pikipiki, makarani, na sisi walimu ambao matumbo yetu yameanza kutangulia kuingia darasani. Kwa mkulima sababu yapasa iwe nyingine.

Sababu hiyo tuliiona katika kuvuta kamba. Wazee walikubali kamba, maana haina mbio, na mtu huweza kuishika bila kuvua kofia. Jumapili alasiri vitongoji viwili hupangwa pande mbili, wazee mbele, wake zao nyuma, na watoto hupiga kelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wafika. Siku moja majirani wawili, ambao kwa muda wa miaka mitatu walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba, walijikuta upande mmoja wa kamba, mmoja nyuma ya mwenzake. Upande wao ulishinda, wakaanguka chali wote. Hatusemi kwamba kamba iliwapatanisha. Shauri lao la mpaka lingali katika baraza la kata, na kila mmoja ana mashahidi wake. Twasema tu kwamba siku hizi mmoja akipita husema "saita", na mwenzake huitikia. Kwa watu waliopakana mashamba, hilo si jambo dogo.

Mambo mengine huenda bila taabu. Watoto hucheza kila siku bila kuitwa, wakiwa na mpira wa matambara au wa mifuko ya nailoni. Vijana wana ligi yao, na zawadi ni mbuzi, ambaye husafirishwa, huchinjwa na huliwa siku hiyo hiyo na washindi pamoja na walioshindwa. Mji wa Karatu nao umeona mengi makubwa, yaani matamasha ya mbio na baiskeli, na nusu marathoni iliyowahi kukimbiwa kutoka lango la hifadhi ya Ngorongoro hata mjini. Baadhi ya vijana wetu walikwenda kushiriki, wakarudi na fulana. Kwetu mchezo husimama kabla jua halijazama, hata mabao yakiwa sare, kwa sababu wako wanaorudi upande wa msitu, na mahindi yakikomaa tembo hushuka. Refa akipuliza filimbi kwa ajili ya tembo hapana anayebisha.

Sasa twafika kwenye jambo linalotusumbua. Lugha yetu ya Kiswahili imefanya neno moja kuwa na maana mbili: kiwanja cha kuchezea ni kiwanja, na kiwanja cha kujengea nyumba ni kiwanja vilevile. Kwa miaka mingi hatukuona ubaya wa hilo. Lakini watu wameongezeka, na ardhi karibu na barabara imepanda bei. Mashamba ya wazazi yamegawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hata mtu aweza kurusha jiwe kutoka mpaka hata mpaka. Mwaka jana likatolewa shauri kwamba eneo tunalochezea lipimwe likatwe vipande, wauziwe watu wajenge, na fedha zitumike kwa mambo ya kijiji. Walioleta shauri hilo si watu wabaya. Zahanati yahitaji paa, na kijana aliyeoa yahitaji apate mahali pa kulala na mkewe. Mmoja wao alituuliza, "Mpira waweza kuchezwa shambani baada ya mavuno; nyumba yaweza kujengwa wapi?"

Swali hilo lastahili jibu lisilo la hasira. Shamba la mtu baada ya mavuno ni la huyo mtu, na ng'ombe zake huingia kula mabua. Akikasirika na jirani, mchezo umekwisha. Kiwanja cha wote ndipo mahali pekee, ukitoa nyumba za ibada na shule, ambapo maskini haombi ruhusa kuingia. Kikiuzwa, fedha zake zitaisha katika paa moja, na hakuna kijiji kilichowahi kununua kiwanja cha pili katikati ya nyumba za watu. Wala hatukusema haya kwa maneno matupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu kijiji kutenga ardhi kwa matumizi ya pamoja, halmashauri ya kijiji ikipendekeza na mkutano mkuu ukikubali, kisha ikaandikwa katika daftari. Eneo letu halijaandikwa. Lilikuwa la wote kwa sababu kila mtu alijua hivyo, na wale waliojua wanakwisha.

Kwa hiyo tumeandika barua kwa halmashauri, ikiwa na sahihi za vijana na akina mama wa mpira wa pete, na alama za vidole za wazee saba wa kamba. Mzee yule aliyetuambia habari ya jembe aliweka kidole chake wa kwanza, akasema hakukimbia na hatakimbia, ila apenda mahali pa kukaa akiwatazama wanaokimbia. Mkutano mkuu utafanyika baada ya mavuno. Wakati tunangoja, kila Jumamosi tumekuwa tukipanda minyaa kuzunguka mpaka, hatua kwa hatua, na upande wa barabara umekwisha; upande wa mto bado, kwa sababu mbuzi wa ligi walikula miche ya kwanza.