Mfuniko wa Tangi

Marehemu baba aliniachia gari aina ya Peugeot 404, jamii ya magari yaliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Umri wake wanizidi, nami nalipenda.

Siku moja ya kiangazi nilitoka Mai Mahiu kwenda Naivasha. Nilipofika mkabala wa Mlima Longonot, injini ilikohoa mara mbili tatu, ikazimika. Nilingoja robo saa. Ikawaka, ikaenda kilomita tatu, ikazimika tena. Juma lililotangulia fundi mmoja mzee alikuwa ameisafisha kabureta. Papo hapo nilimpigia simu, nikamwita mwongo na mla fedha za watu. Alinijibu kwa upole, "Mwalimu, ifuate njia ya petroli tangu mwanzo wake." Nikakata simu.

Hasira ilipopoa nilifanya alivyosema. Petroli hutoka tangini, hupita katika mrija, huvutwa na pampu, kisha huingia katika kabureta na kuchanganyika na hewa. Basi nilianzia tangini. Nilipofungua mfuniko, hewa iliingia kwa mvumo, kama pumzi ya mtu aliyeibuka majini. Nikaelewa. Petroli itokayo tangini huacha nafasi, na nafasi hiyo sharti ijazwe na hewa. Tundu la hewa katika mfuniko, dogo mfano wa ncha ya sindano, lilikuwa limezibwa na vumbi jepesi la Longonot, mlima uliozaliwa kwa moto wa volkano. Pampu ilivuta ikashindwa. Gari lilipopumzika, hewa ilipenya kidogo kidogo, na injini ikapata nguvu ya kitambo.

Nilizibua tundu kwa mwiba wa mgunga, nikafika Naivasha bila ya kusimama tena.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa yule fundi, nikamwambia, "Mzee, nimekukosea. Niwie radhi." Akafuta mikono yake, akaniuliza kosa lilikuwa wapi. Nilipomweleza, alicheka kidogo, akasema, "Na mfuniko huo, mwalimu, uliusafisha lini?" Sikuwa na jibu. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Kila siku nawafundisha vijana kutafuta sababu kabla ya kutoa hukumu. Siku ile nilitanguliza hukumu, na mzee asiye na hatia akatukanwa. Alinisamehe, lakini nionapo vumbi la Longonot, maneno yangu hunirudia.