Kitabu Changu Hakiazimwi

Naomba nijisemee mwenyewe kabla wenzangu wa chumba hawajanisema: mimi siazimishi vitabu. Chumvi nitakupa, pasi utapewa, hata ndala zangu utavaa ukienda bafuni. Kitabu, hapana.

Najua ni tabia ya ajabu, na si hiyo tu. Bumu likiingia, watu wanakimbilia Kariakoo kutafuta simu na viatu. Wanasahau kwamba ndani ya bumu kuna fungu la vitabu na viandikwa. Nadhani mimi ni mmoja wa wachache hapa chuoni wanaonunua vitabu kwa hela ya vitabu. Napanda daladala hadi Posta, nainama kwa wauza vitabu vya mtumba, nafukua mpaka mgongo unauma. Muhula uliopita nilipata Kichwamaji ya Kezilahabi, jalada limeliwa pembeni na mchwa. Nilirudi hosteli na furaha tele na nauli ya kwenda tu ya kesho yake. Wiki nzima nikala mihogo.

Kitabu kikifika chumbani, kwanza nakinusa. Rumeti wangu ananiita mvuta gundi. Halafu nakifunga kwa karatasi ya kalenda ya zamani, upande wa picha ukiwa ndani. Sikunji kona ya ukurasa. Tiketi za basi ndizo alama zangu. Nikisoma kwenye daladala napitiliza kituo, na konda hana huruma na hadithi.

Jina langu siandiki mbele. Naandika ukurasa wa 17, kwa penseli, herufi ndogo karibu na mshono. Kidato cha pili niliibiwa kitabu, mwizi akachana ukurasa wa kwanza, akanitazama usoni akasema ni chake. Tangu hapo nikajifunza kujificha ndani. (Sasa ukurasa mmeujua. Itabidi nihame.)

Nina pia daftari la madeni. Majina sita, hakuna aliyerudisha, mmoja kashahitimu na kuoa. Ndipo nikafunga duka.

Kufuli hilo lilivunjika mwaka jana, nilipokwenda fildi kufundisha Kiswahili kidato cha nne. Darasa lilikuwa na wanafunzi 63, na riwaya tuliyokuwa nayo ilikuwa Takadini ya Ben Hanson. Niliuliza dhamira, mikono ikajaa hewani. Mila potofu! Ukombozi wa mwanamke! Mapenzi ya mama! Nikafurahi, nikaona field imenikalia vizuri. Nikauliza swali jingine: "Sekai anapotoroka na mtoto wake mwenye ualbino, wewe ungekuwa naye njiani ungeogopa nini?"

Kimya. Kisha kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono taratibu.

"Madam, kwani chenyewe kipo?"

Darasa halikucheka. Walikuwa wanataka jibu. Wote walisoma kwa chambuzi, yale makaratasi ya kutoa kopi yenye wahusika, dhamira na migogoro. Walikijua kitabu kama mtu anayeijua pilau kwa kusoma bei ukutani.

"Kipo," nikasema, nikageukia ubao. Kilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya meza, hatua mbili kutoka mguuni pangu. Sikukitoa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nakala ile alininunulia Mama nilipoingia kidato cha tatu, siku alipopokea mchezo, na kalenda iliyoifunga aliikata yeye. Nilijiambia: nikimpa mmoja, 62 watafanyaje? Kutoa kopi kitabu kizima sikuwa na hela, na ni kumwibia mwandishi. Nikaamua kuwasomea kwa sauti. Vipindi viwili, dakika 80, sauti ikakauka na tukawa bado mwanzo mwanzo tu. Wiki zangu zilikuwa zinahesabika. Tena, hapo aliyekuwa anasoma ni mimi. Wao walikuwa wananisikiliza.

Ijumaa nikanunua wembe.

Nilikaa kitandani, nikavua kalenda ya Mama, nikaikunja vizuri. Nikafungua kitabu mpaka mshono ukaonekana, nikakata. Mafungu saba, kila moja kwa watu tisa. Kila fungu nikalishonea jalada la daftari kuukuu. Sitawadanganya kwamba nilijisikia shujaa. Nilijisikia kama mtu aliyechinja kuku aliyemlea mwenyewe.

Jumatatu nikagawa, na nikatangaza kwamba tutazungusha. Sikuwa nimefikiria jambo moja: makundi sita kati ya saba yangeanzia katikati ya hadithi. Mapumziko yakawa vurugu. "Nyie wa fungu la nne, huyu mzee katokea wapi?" "Wa la pili mmalize basi!" Yule kijana wa nyuma alinifuata hadi ofisini kushtaki kwamba kundi la kabla yake wanasoma polepole makusudi. Wiki tatu kabla hakuwa na hakika kama kitabu kipo.

Nilipouliza tena lile swali la njiani, niliacha kuhesabu majibu. Mmoja aliogopa fisi. Mwingine aliogopa mtoto asilie. Binti mmoja akasema angeogopa kwamba atakakofika nako watamtazama mtoto vilevile. Jibu hilo sijaliona kwenye chambuzi yoyote.

Wenzangu wa ualimu, tusiwacheke wale watoto. Wangapi kati yetu tumevuka mitihani ya fasihi kwa makaratasi ya kukopiwa usiku wa kuamkia pepa? Mimi mwenyewe, pamoja na kunusa kwangu kote, kuna riwaya moja ya mwaka wa kwanza nimeipatia alama nzuri na sijawahi kuishika. Kesho tutasimama mbele ya darasa na kudai dhamira. Tuulize kwanza kama chenyewe kipo.

Siku ya kuondoka nilikusanya mafungu. Yalirudi sita, yamechakaa, moja lina doa la mafuta ya maandazi. Fungu la kwanza halikurudi. Niliuliza mara moja tu, kisha nikanyamaza. Ndilo lenye ukurasa wa 17, kwa hiyo aliyenalo anajua ni la nani. Kwenye daftari la madeni sikuandika kitu.

Juzi nilimsimulia rumeti haya yote. Akanisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono akaomba Kichwamaji. Nimempa hadi Ijumaa. Na jina langu nimeshalihamishia ukurasa mwingine.