Barabara isiyo na barieri

Leo sileti habari za mapigano. Nataka kueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe nyumbani kwangu, hapa Minova, juu ya mchezo wa mtoto.

Mwezi wa pili mwaka 2024, mapigano yalipofika Shasha na barabara ya Goma–Sake–Minova ikakatika, watu wengi walifika kwetu na magodoro kichwani. Nyumbani kwangu tulipokea mama mmoja na watoto wake wanne. Baba yao ni dereva wa Fuso. Siku ile alikuwa amepeleka maharagwe Goma, akabaki upande wa kule. Mtoto wa kwanza, mvulana wa miaka 12, alifika na begi la shule mgongoni. Mama alipolifungua ili atoe madaftari, alikuta PSP, charja yake na kaptula moja. Madaftari yote yalibaki nyumbani. Mama alikaa chini akalia kwa hasira.

Kwa wasioijua, PSP ni kifaa cha Sony cha kuchezea michezo, unakishika kwa mikono miwili. Kilianza kuuzwa Japani Desemba 2004, kwa hiyo kimemzidi mtoto huyu umri. Baba yake alikinunua okazioni Goma. Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu, Gran Turismo, uliotoka mwaka 2009. Ni mashindano ya magari. Kuna magari zaidi ya 800 ya kuchagua, na gari likigonga ukuta halibondeki, linarudi barabarani na kuendelea.

Baada ya wiki mbili niliona watoto wa mtaa wamepanga mstari uani kwangu. Mvulana alikuwa anakodisha: faranga 200, mashindano mawili. Jioni alikipeleka kwa kijana mwenye pano ya jua karibu na soko, akalipa faranga 500 za kuchaji. Mimi niliona ni hasara tupu. Nilianza hata kuandika kipindi juu ya michezo inayopoteza watoto wa wakimbizi. Nikamwambia mama yake: kiuzeni, mpate unga.

Mama akanijibu kwa upole: «Papa, acha kwanza. Umekwisha kuuliza sabuni ya hapa nyumbani inatoka wapi?»

Sikuwa nimeuliza. Sabuni, chumvi, na madaftari mawili ya kuanzia, vyote vilitoka kwenye zile faranga 200.

Basi siku ile nikakaa karibu na mvulana nimwangalie. Alikuwa kwenye njia ya Nürburgring, kule Ujerumani, yenye kilometa zaidi ya 20. Gari zuri linaimaliza chini ya dakika 10. Sisi kutoka hapa hadi Goma ni kama kilometa 50, na mvua ikinyesha Fuso inaweza kulala njiani. Lakini mtoto hakuwa Ujerumani. Kila kona alikuwa ameipa jina la kwetu. «Hapa Bweremana,» alisema, «sasa punguza, tunaingia Shasha.» Kisha akaniambia bila kuinua macho: «Papa, njia hii haina barieri hata moja. Hakuna mtu wa kuvuta kamba.» Aliwahi kusafiri na baba yake. Alijua kwamba kwenye kila kamba dereva anasimama na kuacha kitu.

Usiku ule, wote walipolala, nilikichukua kifaa kimyakimya. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya kipindi changu. Nilikigeuza mkononi nikafikiri juu ya koltani inayotoka Rubaya na katika milima yetu ya Numbi. Tantalumu inayotolewa humo inatumika kutengeneza vipuli vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na vifaa vingi vya elektroniki. Halafu nikaacha kufikiri, nikacheza. Nilikimbiza gari, nikagonga, nikarudia, nikagonga tena, mpaka kioo kikazimika. Batri ilikwisha. Nikakirudisha begini, nikalala.

Kesho yake haikuwa siku ya masomo. Watoto walifika na faranga zao, kifaa kikakataa kuwaka. Mbingu ilikuwa na mawingu, na kwa yule kijana wa pano simu zilikuwa nyingi mbele yake. Mvulana akadhani ni mdogo wake aliyekichezea, akampiga kofi. Mtoto akaapa na kulia. Mimi nilikuwa pale pale, nakunywa chai, nikanyamaza. Mchana tulikula sombe bila chumvi.

Jioni nilishindwa kuvumilia. Niliwaita wote wawili mbele ya mama yao nikasema: «Ni mimi.» Nikamrudishia mkubwa pesa za kuchaji na za siku nzima aliyopoteza, na mdogo nikamwomba msamaha. Mkubwa aliniangalia kitambo, kisha akauliza: «Papa, ulifika wapi?»

Nikamweleza kona iliyonishinda.

Akacheka. «Hapo ni Shasha. Hapo wengi wanabaki.»

Kile kipindi sikukimaliza. Siwaambii wazazi waache watoto wacheze usiku na mchana. Sisi tumeweka saa: masomo kwanza, kuchota maji, halafu mchezo. Ninachowaomba ni kuuliza kabla ya kulaumu, hasa sisi tunaowapokea wengine. Mtu akikimbia na kitu ambacho wewe unakiona hakina maana, mpe nafasi akueleze.

Baba yao alitaka kuja kwa boti. Baada ya ile ajali ya tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na Kituku, iliyoua watu waliotoka hapa kwetu Minova, mama alimwambia kwa simu angoje barabara ifunguke. Mvulana naye alichukua simu akamwambia baba yake kwamba kona ya Shasha ameishaizoea, anaipita bila kugusa ukuta.